Upande wa Pili wa Godoro

Kama umewahi kulala kwenye godoro la pamba lililoshonwa kwa mkono, basi umelala juu ya kazi ya watu wawili. Wengi hawalijui hilo, na Fundi Godoro hakuwa na tabia ya kuwaeleza wateja wake, maana mteja anataka godoro, hataki hadithi. Mimi nitakueleza, kwa sababu usipolijua hutaelewa mtu mzima wa miaka sitini na mitatu alikuwa anafanya nini asubuhi moja, kifua wazi, akijisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe mwenye kupe.

Kazi yenyewe iko hivi. Pamba huchambuliwa, hupigwa kwa fimbo mpaka ijae hewa, kisha hushindiliwa ndani ya kitambaa kizito cha mistari. Ukiishia hapo, godoro halimalizi mwezi: pamba itakimbilia pembeni na mlalaji atabaki katikati akizihesabu mbao za kitanda kwa mbavu zake. Kwa hiyo godoro husimamishwa wima kwenye fremu, na sindano yenye urefu wa kiganja hadi kiwiko huchomwa upande huu ikatokea upande wa pili, ikarudishwa, uzi ukakazwa na kufungwa kifundo kila upande. Godoro la watu wawili lina vifundo hamsini. Mmoja anachoma, mwingine anapokea.

Kwa miaka thelathini na moja mpokeaji alikuwa mkewe. Fundi alimwita "mwenzangu", na hakumwita hivyo kwa mapenzi tu; lilikuwa jina la kazi. Walikaa kutwa nzima huyu huku na yule kule, godoro katikati, bila kuonana nyuso. Walizungumza kupitia pamba: binti yao kafaulu, jirani kahama, fulani kaolewa na sasa anajuta. Wakinuniana, na walinuniana kama watu wote waliooana, sindano haikusimama. Fundi alipima hasira ya mwenzake kwa jinsi uzi ulivyovutwa. Siku za amani mkewe alikuwa na mvuto wake mwenyewe: miwili mifupi kama mtu anayebisha hodi, halafu mmoja mrefu. Maana yake ni nimepokea, kaza.

Miaka minne iliyopita mkewe alilalamika kifua asubuhi, akafariki jioni, akaliacha godoro kwenye fremu na vifundo ishirini na viwili. Baada ya mazishi Fundi alirudi karakanani akakuta vifundo vilivyobaki vinamsubiri. Akabuni njia yake: anachoma sindano, anazunguka fremu, anaivuta, anairudisha, anazunguka tena, anakaza. Vifundo hamsini, mizunguko mia moja. Watu wakamwambia atafute msaidizi. Akasema atatafuta. Hakutafuta, na sababu ilikuwa ile ile kila mwaka: kule upande wa pili kulikuwa na kigoda, na hakutaka kuona mtu mwingine amekikalia.

Ukaidi ni mali ya mwenyewe, lakini mabega hayana habari na ukaidi. Mwaka wa kwanza yaliuma. Mwaka wa pili yalizoea kuuma. Mwaka wa nne yakaacha kuuma na kuanza kulegea, na huko ndiko kubaya zaidi. Sindano ilimponyoka. Birika la chai alilibeba kwa mikono miwili. Uchovu wenyewe haukuwa ule unaoisha mtu akilala. Aliamka nao, akavaa nao viatu, akaenda nao kazini. Hospitalini walimpima damu, wakampima moyo, wakamnyoosha na kumkunja, wakasema hawaoni ugonjwa, ila umri na kazi nzito. Wakampa mazoezi ya mkono kwenye karatasi. Aliyafanya siku tatu, kisha karatasi ikawekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Bintiye, anayeishi mji mwingine, aliyasikia yote hayo kwenye sauti yake ya simu kabla hajaambiwa.

"Baba, mwisho wa mwezi ujao nakuja kukuchukua. Kuna chumba hapa, kina dirisha kubwa."

"Nikae kwenye dirisha nifanye nini?"

"Upumzike."

"Mwanangu, mimi nimewatengenezea watu mahali pa kupumzika maisha yangu yote. Najua kunavyochosha."

Binti hakucheka. Alisema hivi: akija akakuta baba yake amemaliza godoro moja la watu wawili, akiwa amesimama kwa miguu yake, hatalitaja tena jambo hilo. Akikuta vinginevyo, karakana inafungwa. Fundi akasema sawa kwa sauti kubwa, akakata simu, akakaa kitako juu ya rundo la pamba. Godoro la mwisho lilikuwa limemchukua wiki tatu.

Ndipo mwenye duka la vitambaa alipomwelekeza kwa tabibu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, aliyesomea Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya Wahindi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la miwani: benchi, kitanda chembamba, mizani midogo ya shaba na mitungi ya vioo yenye mizizi na unga, kila mmoja na karatasi yake ya jina. Kwanza alitaka majibu ya hospitali, akayasoma yote mpaka mhuri. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye mkono wa Fundi akasikiliza mapigo kimya, kwa muda mrefu mpaka Fundi akaanza kujiuliza kama amesinzia.

"Unakula nini?"

"Chakula."

"Cha moto au kilicholala?"

Fundi alifikiri. "Kilicholala. Napika Jumapili."

"Unakula umekaa?"

"Nikiwa na nafasi."

Tabibu aliandika. Akaeleza kwamba katika elimu yao mtu wa namna hii husemwa upepo umemzidi: mwili umekauka, umepoa, hauna ratiba. Hakuahidi miujiza. Alisema misuli iliyochoka miaka minne haiwezi kuamka kwa siku nne. Chakula kiwe cha moto, kiliwe mtu amekaa, saa zile zile. Unga wa mzizi wa ashwagandha, nusu kijiko ndani ya maziwa ya uvuguvugu kabla ya kulala. Mazoezi ya hospitali yafanywe, hata kama karatasi imepotea. Na mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, yapashwe moto kidogo, apakwe kila asubuhi kwa robo saa kabla ya kuoga.

"Mikono na miguu utajipaka mwenyewe," alisema. "Mgongo na nyuma ya mabega, hapana. Mkono wako haufiki, na hata ukifika haufai. Msuli unaofanya kazi hauwezi kupumzika wakati huo huo. Sasa, nani atakupaka mgongoni?"

"Mke wangu," alisema Fundi.

Naapa hakukusudia kudanganya. Kwa miaka thelathini na moja kila swali lililoanza na nani lilikuwa na jibu hilo moja: nani atapokea mzigo, nani ana ufunguo, nani atakuja kukuchukua. Ulimi uliifuata njia yake uliyoizoea. Angeweza kusahihisha pale pale. Lakini tabibu alikuwa ameshatabasamu na kuandika, na Fundi akaliangalia lile neno kwenye karatasi, mke, likiwa limeandikwa kwa wino kana kwamba lipo, na hakuwa na moyo wa kuomba lifutwe.

Akapewa chupa ya wiki mbili. Nyumbani alijipaka mikono, miguu, kifua na tumbo. Mgongoni alifika chini kidogo na juu kidogo. Katikati, palipochoka hasa, hapakufika kitu. Alijaribu kwa mwiko uliofungwa kitambaa akamwagia mafuta ukuta. Hata hivyo chakula cha moto kilimfaa, na maziwa yalimletea usingizi. Mapaja yalipata nguvu. Mabega yalibaki vile vile.

Baada ya wiki mbili alirudi na chupa. Tabibu akaiinua kwenye mwanga: nusu.

"Mke wangu ana mkono mwepesi," Fundi alisema haraka.

"Mwambie asiogope mafuta," alisema, akampa chupa ya pili.

Sasa hapa ndipo fundi alipougeukia ufundi wake, na mwongo mwenye ufundi ni hatari kwa nafsi yake. Alishona kimto cha pamba safi, kipana kama mgongo, akakipigilia misumari kwenye mwimo wa mlango wa karakana, akakilowesha mafuta ya moto, akavua shati na kuanza kujisugua. Hiyo ndiyo asubuhi niliyokutajia. Alipanda, akashuka, akaenda kushoto, akaenda kulia. Mama mmoja aliyekuja kuulizia mito alisimama mlangoni, akatazama, akasema atarudi siku nyingine.

Kosa lake ni kosa ambalo mshona magodoro alipaswa kuwa mtu wa mwisho kulifanya. Pamba inakunywa. Kile kimto kilifyonza chupa nzima kwa siku nne, mgongo ukapata harufu tu. Na mabega, badala ya kupumzika, yalikuwa yanasukuma mlango.

Siku ya tano alisimama mbele ya tabibu na chupa tupu. Tabibu aliigeuza juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Chupa ya kwanza mlibakiza nusu. Ya pili mmeimaliza siku nne. Huyu mkeo anakupaka au anakukaanga?"

Fundi alicheka, akacheka kuliko kichekesho chenyewe.

"Mlete," alisema tabibu. "Si kosa lake, hakuna aliyemwonyesha. Mlete kesho nimfundishe mkono."

Cheko likaisha. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi ilikuwa imefika kwenye kuta nne za chumba nyuma ya duka la miwani. Alitazama viatu vyake. Alitazama mizani. Alitaka kusema amesafiri, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni, lakini aliona kwamba akiisema itabidi kesho kutwa amrudishe kutoka safarini, na hilo halikuwezekana.

"Alifariki," alisema. "Miaka minne. Samahani. Nilisema mke wangu kwa sababu... sijui kwa nini. Sina mtu mwingine wa kumtaja."

Alilia kidogo, si kwa kishindo, kwa namna ya mtu anayesubiri machozi yapite ili aendelee na shughuli. Tabibu hakumwambia pole wala asilie. Aliinuka akafungua kabati lililokuwa nyuma yake. Rafu ya chini ilikuwa imejaa chupa za mafuta, kubwa na ndogo, safu mbili, na zote zilikuwa nusu.

"Wenye watu nyumbani wanarudisha chupa tupu," alisema. "Hawa wanarudisha nusu. Huyu aliniambia anapakwa na dada yake. Huyu, na mwanawe. Huyu alisema ana mzio. Mimi siulizi mara ya pili, nasubiri. Wewe umeniweza, sijawahi kuona mtu wa nusu akageuka wa chupa tupu kwa siku nne. Mafuta uliyamwaga wapi?"

Fundi akamweleza kimto. Tabibu alicheka mpaka akavua miwani, na Fundi naye akacheka, safari hii kwa kiasi kinachostahili. Lakini alipotoka macho yake yalirudi kwenye ile rafu. Alizihesabu bila kutaka: kumi na tisa. Watu kumi na tisa, katika mji huo huo, ambao mkono wao haufiki katikati ya mgongo.

Tabibu hakuweza kumkanda mwenyewe. Kwa kawaida ya kazi yao mwanamke anakanda wanawake na mwanamume anakanda wanaume, na mwanamume aliyekuwa akimsaidia alikuwa amehama. Lakini moja ya zile chupa ilikuwa ya kinyozi mstaafu, mjane kama Fundi, anayeishi mitaa miwili tu kutoka karakanani. Kusimama miaka arobaini nyuma ya viti vya watu kulikuwa kumemmaliza miguu. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa. Tabibu aliandika jina la mtaa kwenye karatasi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Nendeni mkavunje."

Fundi alikaa na karatasi hiyo siku sita. Kumwambia mwanamume usiyemjua shika mgongo wangu si jambo dogo, na usimcheke mpaka uwe umejaribu. Siku ya saba aliyekuja ni kinyozi. Alisimama mlangoni na fimbo yake na nusu chupa yake aliyorudishiwa na tabibu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola.

"Wewe ndiye uliyeoa mlango?" aliuliza.

Tabibu hakuwa na siri. Fundi akamkaribisha.

Wiki za mwanzo hawakupendana sana. Kinyozi alikuwa msemaji. Alikuwa amekaa miaka sita katika chumba kisicho na mteja na maneno yalikuwa yamemjaa. Fundi alilala kifudifudi juu ya pamba akasikiliza habari za vichwa vya watu ambao hakuwajua. Lakini ile asubuhi ya kwanza, kiganja cha moto kilipotua katikati ya mgongo wake, alifumba macho kwa robo saa nzima. Si kwamba palikuwa na uponyaji. Palikuwa na mkono. Ilikuwa miaka minne tangu mtu amguse zaidi ya kumpa salamu, na yeye hakuwa amejua kwamba alikuwa anahesabu.

Kisha walibadilishana. Kinyozi alikaa, Fundi akamkanda mashavu ya miguu kutoka kifundo cha mguu kwenda juu kama tabibu alivyowafundisha. Kufikia wiki ya tatu birika lilibebwa kwa mkono mmoja na nusu.

Lakini siku zilikuwa zinakwisha. Jumatano, siku tatu kabla ya binti kufika, Fundi alisimamisha godoro la watu wawili kwenye fremu akaanza. Akachoma, akazunguka, akavuta, akazunguka. Alifika kifundo cha kumi na nne. Cha kumi na tano sindano iliingia nusu ikakwama, na mkono ukashuka wenyewe ubavuni. Aliuinua. Ukashuka. Alisimama hapo akiitazama sindano iliyochomoza kwenye godoro, akafikiria dirisha kubwa la bintiye, na watu wakipita chini yake.

Kinyozi alimkuta hivyo.

"Kwani huko upande wa pili kuna nini?" aliuliza, akichungulia.

"Kigoda."

"Cha nani?"

Fundi aliigusa sindano iliyokwama, akaiacha. Kinyozi naye, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuongeza neno. Alisubiri, ameegemea fimbo. Mwishowe alisema, kwa upole, "Mimi miguu yangu haisimami nusu saa. Mtu kama mimi anatafuta nini duniani kama si kigoda? Lakini ni wewe."

Fundi alisikia hasira ikimpanda. Kisha akasikia kwamba si hasira. Alisema, "Futa vumbi kwanza."

Akasikia fimbo ikiwekwa chini, kitambaa kikipita juu ya mbao, mbao zikilia kwa uzito wa mtu. Akaisukuma sindano kwa viganja viwili. Ikapotea upande wa pili, ikarudi. Halafu uzi ukavutwa: mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayefungua droo iliyokwama. Hapakuwa na hodi. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye kitambaa cha mistari. Alikuwa amejua kwamba hautakuwa ule mvuto, mtu mzima hapumbazwi na uzi, na bado sehemu fulani yake ilikuwa imekaa ikiusubiri.

"Vipi, nimekosea?" sauti iliuliza kutoka ndani ya pamba.

"Hujakosea," alisema alipoweza. "Shika hivyo hivyo, nakaza."

Jumamosi binti alifika, akaweka begi mlangoni, akalikuta godoro limesimama limekamilika na baba yake amesimama kando yake. Hakuamini macho, akaamini vidole. Mtoto wa washona magodoro hukagua kwa kugusa. Alipitisha mkono upande wa mbele, kifundo kwa kifundo. Akazunguka upande wa pili, kwenye kigoda. Huko alikirudia kifundo kimoja mara mbili.

"Baba," alisema kutoka nyuma ya pamba. "Hivi si vya mama."

"Si vyake."

"Na vyako si hivi. Hivi vimekazwa mno."

"Ni vya kinyozi," alisema Fundi. "Atajifunza."